Unataka Udaktari Marekani? Anzia Nyumba ya Wazee

Mzazi aliyesoma Tabora au Bungoma kisha akahamia Texas anaujua udaktari kwa njia moja: mtoto afaulu fizikia, kemia na baiolojia, matokeo yatoke, jina lionekane kwenye orodha ya waliochaguliwa, sherehe ifanyike. Dar es Salaam kijana huingia Muhimbili akitokea kidato cha sita, akasoma miaka mitano, akamalizia na mwaka wa mafunzo kwa vitendo hospitalini. Siku ya kuomba nafasi hakuna anayemuuliza kama amewahi kumgeuza mgonjwa kitandani au kumlisha uji.

Marekani huulizwa. Udaktari huku husomwa baada ya shahada ya kwanza ya miaka minne. Chuo cha udaktari chenyewe ni miaka mingine minne, na baada yake kuna mafunzo ya hospitalini ya miaka mitatu hadi saba, kutegemea fani. Mkopo kwa wengi hufika dola 200,000. Waombaji wa vyuo vinavyotoa shahada ya MD hupita 50,000 kila mwaka, na wanaoanza masomo ni kama 23,000. Miongoni mwa wanaoachwa wamo wenye alama za kutamanisha na matokeo ya juu ya mtihani wa MCAT. Ukisoma orodha ya sifa ambazo AAMC, chama cha vyuo hivyo, kinasema mwombaji awe nazo, utaona sayansi ni sehemu tu. Humo mna moyo wa kuwatumikia watu, unyenyekevu mbele ya tamaduni za wengine, kutegemewa, na kustahimili misukosuko. Mambo hayo hayasomeki kwenye karatasi ya matokeo. Yanasomeka ulikokuwa Jumamosi usiku, na ulikuwa ukimfanyia nani nini.

Ndiyo maana kila mwaka vijana wetu huanza kuhangaika, mara nyingi wakiwa wamechelewa, wakitafuta saa za kukaa na wagonjwa. Wazazi hulipa maelfu ya dola kwa programu za likizo zenye majina makubwa. Wakati huohuo shangazi yuko shifti ya usiku nyumba ya wazee, mama anahudumia mgonjwa nyumbani kwake, na binamu anaendesha gari la kuwapeleka watu kusafishwa figo. Nusu ya ukoo imo kwenye kazi ileile ambayo mtoto anaambiwa akainunue. Lakini wazazi huificha. "Mimi nimeosha wazee ili wewe usioshe," mama humwambia mwanawe. Kauli hiyo naiheshimu, na machozi yaliyo nyuma yake nayajua. Kwa mtoto anayetaka udaktari, hata hivyo, ni ushauri mbaya.

Kazi yenyewe rasmi ni ya msaidizi wa wauguzi mwenye cheti, CNA. Sheria ya shirikisho ya 1987 ilidai mafunzo yasiyopungua saa 75, na saa 16 kati ya hizo ziwe za vitendo chini ya msimamizi. Majimbo yanaruhusiwa kuongeza: Texas hudai saa 100, California 160. Kwa hiyo kijana aliyemaliza sekondari mwezi wa tano anaweza kuwa na cheti kabla chuo hakijafunguliwa. Mtihani una sehemu mbili, maswali na vitendo. Kwenye vitendo utapewa kazi chache zilizochaguliwa bila wewe kujua mapema, na wengi huanguka kwa vitu vidogo: kusahau kunawa mikono, kutovuta pazia, kutomsogezea mgonjwa kengele ya kuitia kabla ya kutoka chumbani. Usivicheke. Hivyo vidogo ndivyo vinavyomlinda mzee asianguke usiku akijaribu kwenda chooni peke yake.

Kabla hujatoa hela, jambo moja wengi hawaambiwi. Nyumba za wazee zinazopokea fedha za Medicare au Medicaid, bima za afya za serikali, haziruhusiwi kumtoza ada ya mafunzo haya mtu ambaye zimekwisha kumwajiri au kumwahidi kazi. Na ukijilipia mwenyewe, kisha ukaajiriwa kwenye nyumba kama hiyo ndani ya miezi 12, jimbo linatakiwa likurudishie gharama, walau kidogo kidogo kadiri unavyofanya kazi. Anza basi kwa kuuliza nyumba za wazee za mtaani kwenu kama zina darasa lao. Ukikosa, jaribu chuo cha miaka miwili cha eneo lenu. Shule binafsi zinazotangaza "cheti kwa wiki mbili" ziwe za mwisho, na hata hizo hakikisha kwanza kwamba jimbo linazitambua.

Utajifunza nini huko? Mengi kuliko yanavyoonekana kwa mtu wa nje. Utajifunza kumgeuza aliyelala muda mrefu kila baada ya saa mbili hivi asipate vidonda vya mgongoni na visiginoni. Utajifunza kwamba aliyepata kiharusi huenda asiweze kumeza maji ya kawaida, hivyo kinywaji chake huwekwa unga wa kukifanya kizito, na ukimpa glasi ya maji kwa huruma unaweza kumletea nimonia. Utapima presha, mapigo na joto mpaka mkono ujue kabla ya macho. Zaidi ya yote, utakuwa mtu wa kwanza kuona. Daktari wa nyumba ya wazee hupita mara chache, nesi ana wagonjwa wengi, na ni wewe uliyemvalisha bibi yule jana na juzi. Leo umekuta anakuita jina la mumewe, na jana hakuwa hivyo. Kwa mzee, kuchanganyikiwa kwa ghafla huweza kuwa dalili pekee ya maambukizi ya njia ya mkojo au ya mapafu. Ukimwambia nesi saa ile, na ukamwambia vizuri, kwamba lini imeanza, joto ni ngapi, amekunywa kiasi gani, hapo tayari unafanya kazi ambayo daktari hufanya maisha yake yote.

Wapo watakaokuambia kwamba kamati za vyuo huiona CNA kuwa kazi ya chini. Ni kinyume. Mtu aliyebadilisha nepi za watu wazima kwa mwaka mzima na bado anautaka udaktari ameshajibu swali ambalo usaili wote unazunguka kulitafuta.

Tatizo la kweli liko kwingine, nalo ni la jamii yetu hasa. Tunapenda dabo, yaani shifti mbili mfululizo. Nyumba za wazee hazina watu wa kutosha, simu hupigwa kila Ijumaa, na malipo ya saa za ziada yanavutia, hasa kama nyumbani kuna kodi ya nyumba na bibi Bujumbura anasubiri dawa ya kisukari. Kijana anaanza na shifti moja, anafika nne, anaingia darasa la kemia ya kaboni akiwa hajalala. Alama ikishuka hapo ni kazi ngumu kuipandisha, na hakuna saa za wodini zitakazoifidia. Maoni yangu ni haya: muhula ukiwa umefunguliwa, shifti moja kwa wiki, mbili kwa anayejiweza kweli. Likizo ya kiangazi piga kazi ya wiki nzima. Tafuta ajira ya kuitwa inapohitajika, ambayo inakuachia wewe kuchagua siku. Malipo ya saa mara nyingi huwa mazuri kidogo, ingawa bima hupewi. Na wewe mzazi, ukimwona anachukua dabo wiki ya mitihani, mzuie hata kama hela inahitajika. Kama familia kweli haiwezi bila mshahara wake, basi ukweli huo nao una mahali pake kwenye maombi, nitaufikia.

Njia ya pili karibu ni yetu peke yetu: ukalimani. Dallas, Louisville, Phoenix, Boise na miji mingine imepokea maelfu ya wakimbizi wa Kongo, wengi wakitokea kambi kama Nyarugusu kule Kigoma, na Kiswahili kimekuwa lugha ambayo hospitali zinaitafuta. Mtoto wa familia hizo ameshakuwa mkalimani tangu ana miaka tisa. Amekaa katikati ya mama na daktari akitafsiri maneno ambayo mtoto hakupaswa kuyasikia.

Sheria haikutaka iwe hivyo. Hospitali na kliniki zinazopokea fedha za serikali kuu zinatakiwa zimpatie mgonjwa mkalimani anayestahili, bure, na chini ya sheria ya huduma za afya ya 2010 haziruhusiwi kumtegemea mtoto kutafsiri isipokuwa kwenye dharura ambapo hakuna mwingine. Waambieni wazazi. Mara nyingi mapokezi hawasemi mpaka waulizwe.

Ukitaka kuifanya kwa haki, uwe na miaka 18, upate mafunzo ya ukalimani wa kitabibu yasiyopungua saa 40, na ikiwezekana ufanye mtihani wa CCHI, mojawapo ya bodi mbili za kitaifa. Kiswahili hakina mtihani wake kamili wa kuzungumza, lakini upo mtihani wa msingi ulio kwa Kiingereza, unaopima maadili na ujuzi wa kazi, na wakalimani wa lugha yoyote huufanya. Katika mafunzo utakutana na sheria ambazo mwanzoni zitakuudhi. Hurefushi, hufupishi, hushauri. Mgonjwa akisema "mimi" nawe unasema "mimi". Mama mtu akikuomba, "Mwanangu, usimwambie daktari hili," unamweleza kwa heshima kabla ya kuanza kwamba kila kitakachosemwa humo kitatafsiriwa.

Kisha kuna Kiswahili chenyewe. Kijana wa Kenya aliyekulia Minneapolis akikutana na mzee wa Uvira atasikia tarehe, umri na idadi ya vidonge vikitajwa kwa Kifaransa, na akijifanya ameelewa anaweza kumfanya mtu ameze dawa mara mbili ya kipimo. Uliza tena. Rudia namba. Wazee wengine kutoka Fizi watakuambia Kiswahili wanakisikia tu, wanachozungumza ni Kibembe. Hapo wajibu wako ni kumwambia nesi atafutwe mkalimani mwingine, hata kama kwa kufanya hivyo unapoteza malipo ya saa hiyo.

Thamani ya kazi hii kwa daktari mtarajiwa ni kwamba unakaa ndani ya mazungumzo ya daktari na mgonjwa mamia ya mara. Utawaona madaktari wanaomtazama mgonjwa na wanaomtazama mkalimani. Utajua swali lipi hufungua mdomo wa mama aliyefunga moyo, na lipi huufunga zaidi. Sijui darasa linalofundisha hilo kwa bei hiyo.

Kama huwezi kuajiriwa, au una saa tatu tu kwa wiki, nenda hospisi, yaani huduma ya watu waliofikia miezi ya mwisho ya maisha. Kanuni za Medicare zinazitaka hospisi zitumie wanaojitolea kwa kiasi kisichopungua asilimia 5 ya saa zote za kuwahudumia wagonjwa, kwa hiyo wao wanakuhitaji zaidi ya unavyodhani. Hospitali kubwa humpa anayejitolea kazi ya kusukuma viti na kupanga blanketi, akaondoka baada ya mwaka bila kujua jina la mgonjwa hata mmoja. Hospisi watakufundisha, kisha watakupeleka kwa mtu mmoja, umsomee gazeti, ukae naye mkewe akienda sokoni. Malezi yetu yatakusaidia hapa. Mtoto aliyefundishwa kumwamkia mkubwa na kutulia mbele ya mgonjwa bila kuzungusha simu ameshavuka nusu ya mafunzo. Jambo gumu ni kwamba watafariki. Ongea na msimamizi baada ya msiba wa kwanza, usiende kimyakimya.

Kuna njia nyingine nazipita haraka. EMT wa gari la wagonjwa husoma saa 120 hadi 190 hivi na hufanya mtihani wa kitaifa. Ni kazi nzuri kwa asiyeogopa usiku na barabara, ila kupata ajira kwenye miji yenye vyuo vingi ni kugombania. Mchukua damu ya vipimo hugusa watu wengi lakini kwa dakika tano tano. Karani anayemwandikia daktari rekodi huona jinsi daktari anavyofikiri, na hiyo ni hazina, ingawa yeye mwenyewe hamgusi mgonjwa. Ukiichagua kazi hii, iongezee na hospisi.

Kumfuata daktari kazini na kutazama tu ni jambo la lazima, lakini watu hulipa uzito mkubwa kuliko linavyostahili. Siku kadhaa zilizogawanywa kati ya daktari wa familia, daktari wa wodini na mpasuaji mmoja zinatosha kuonyesha kwamba unaijua kazi unayoiomba. Ukitaka kuomba pia vyuo vinavyotoa shahada ya DO, yaani udaktari wa osteopathia, mfuate na daktari wa DO mmoja, kwa sababu vingi kati ya hivyo hupenda kuona barua yake. Ugumu uko kwenye kumpata huyo daktari. Watoto wa madaktari humpigia rafiki wa baba. Sisi tuna mlango mwingine: daktari wa familia yenu anayemtibu mama presha kila miezi mitatu. Siku ya miadi mwambie, mbele ya mama, kwamba unasomea kuomba udaktari na ungependa kumfuata siku moja. Wengi hukubali hapohapo, au husema ofisi yao iulizwe. Kwa wengine andika barua pepe fupi: wewe ni nani, unasoma wapi, unaomba siku gani, na kwamba karatasi zako za chanjo na mafunzo ya faragha ya mgonjwa ziko tayari. Ukinyamaziwa, kumbusha mara moja baada ya wiki mbili, kisha endelea kwa mwingine. Vijana wetu wengi huona haya kukumbusha, wakidhani ni kukosa adabu kwa mkubwa. Kwa daktari wa Marekani mwenye barua pepe mia mbili, ukumbusho mmoja ni msaada.

Ukishaingia, faragha ndiyo amri ya kwanza. Sheria ya HIPAA ya 1996 haikuachii nafasi ya picha, jina, wala kisa kilichosimuliwa kwenye kundi la WhatsApp la kanisa hata kama umeficha jina. Jamii zetu ni ndogo. "Mama mmoja wa Goma mwenye mapacha" katika mji wenye familia arobaini za Goma tayari ameshatajwa.

Sasa nije kwenye safari ya nyumbani, maana hapa ndipo nimeona wazazi wakijitutumua zaidi. Mtoto anapelekwa Tanzania au Kenya likizo ya kiangazi, mjomba ni mganga mfawidhi wa hospitali ya wilaya, na mjomba kwa mapenzi yote anamvalisha koti na kumwacha ashone jeraha, achome sindano, pengine azalishe. Vijana wa Kizungu nao hulipa kampuni ziwapeleke Arusha na Moshi kwa hamu hiyohiyo. Mtoto anarudi na picha, na anadhani amewapita wenzake.

Amejiharibia. Tangu 2011 AAMC ina mwongozo kuhusu wanafunzi wanaohudumia wagonjwa nchi za nje, na kiini chake ni kwamba jambo usiloruhusiwa kulifanya Marekani kwa sababu hujafunzwa, usilifanye kwingine kwa sababu tu hakuna wa kukuzuia. Kamati inayosoma kwamba mwanafunzi wa mwaka wa pili wa biolojia alizalisha mama kule Tanga huona mtu asiyejua mipaka yake, na aliyemtumia mama maskini kujifunzia. Hata bila kamati, mama wa Tanga ana haki ya mkono uliofunzwa kama ya mama wa Houston. Mjomba anapokuambia, "Njoo ujaribu, mpwa wangu," jibu lina adabu yake: "Ahsante mjomba, naomba nitazame tu. Sijafunzwa."

Na kutazama huko kuna faida kubwa ukifungua macho. Kaa kwenye benchi la wagonjwa wa nje tangu saa kumi na mbili asubuhi. Angalia ndugu wanavyoleta chakula na kulala chini ya kitanda, wakifanya kazi ambazo Marekani hufanywa na CNA. Muulize nesi wa zamu anaamuaje ahudumie nani kwanza dawa zikiwa chache. Muulize mgonjwa, kwa ruhusa, alipitia wapi kabla ya kufika hospitali, na alitumia nauli kiasi gani. Ukirudi utakuwa na maswali kuhusu afya ya jamii ambayo mwenzako aliyeshona jeraha moja hana.

Kuhusu karatasi, kuna jambo moja dogo linalowasumbua watu wetu kila mwaka. Kila hospitali na nyumba ya wazee itakutaka upimwe kifua kikuu kabla ya kuanza. Kama ulizaliwa Afrika Mashariki au Kongo huenda ulichanjwa BCG utotoni, na kovu liko begani au mkononi. Kipimo cha ngozi kinaweza kuvimba kwa sababu ya chanjo hiyo, ukaonekana kana kwamba una maambukizi, ukapelekwa eksirei na kucheleweshwa wiki kadhaa. Omba kipimo cha damu tangu mwanzo. Hicho hakidanganywi na BCG. Andaa pia uthibitisho wa chanjo za homa ya ini B, surua na tetekuwanga. Kadi ya kliniki ya utotoni ikiwa imepotea kambini, kipimo cha damu cha kinga kinakubalika mahali pengi, au utachanjwa upya.

Hali ya uhamiaji nayo iangalie mapema. Mkimbizi aliyepokelewa anaruhusiwa kufanya kazi tangu anapofika. Mwenye viza ya mwanafunzi ya F-1 hayuko hivyo: muhula ukiendelea anaruhusiwa kazi ya ndani ya chuo tu, isiyozidi saa 20 kwa wiki, na kazi ya CNA nje ya chuo bila kibali inaweza kumvunjia viza. Ajitolee hospisi au hospitali isiyo ya faida, kwa nafasi ambayo siku zote hufanywa na wanaojitolea. Na asome kwa makini sera ya kila chuo, kwani vyuo vingi vya udaktari haviwapokei wasio na makazi ya kudumu. Orodha ya MSAR ya AAMC hueleza chuo kwa chuo.

Watu hupenda kuuliza, ni saa ngapi zinatosha? Vyuo vingi havitaji idadi. Mimi naangalia urefu wa uhusiano kabla ya hesabu. Saa nne kila Jumamosi kwa mwaka mmoja na nusu zina uzito kuliko saa hizohizo zilizobanwa kwenye kiangazi kimoja kabla ya kuomba, kwa kuwa aliyedumu amewaona wagonjwa wakipona, wakizidiwa na wakifa, na amejua afanyeje siku asipotaka kwenda.

Andika wakati ule ule. Daftari la kawaida linatosha: tarehe, saa, ulifanya nini, nini kilikushangaza, bila jina la mgonjwa, bila namba ya chumba. Maombi ya AMCAS, fomu ya pamoja ya kuomba vyuo vya MD, yana nafasi 15 za kazi na shughuli, kila moja herufi 700 pamoja na nafasi zilizo wazi, na tatu utakazozichagua kuwa muhimu zaidi zinaongezewa herufi 1,325. Herufi 700 ni aya moja fupi. Ukiandika "niliwasaidia wakazi katika shughuli za kila siku, nikajifunza huruma na ushirikiano", umeandika walichoandika maelfu. Eleza badala yake jinsi mkazi aliyekuwa akikataa kuoga alivyokubali ulipogundua kwamba alikuwa akisikia baridi na aibu, ukaanza kumfunika taulo mabegani na kumwosha sehemu moja moja. Huruma msomaji ataiona mwenyewe. Idadi ya saa iwe ya kweli, na mtu wa kuthibitisha awe yupo, maana vyuo vinaweza kumpigia.

Ile habari ya mshahara wako kulipa kodi ya nyumba, au ya miaka uliyokaa ukiwatafsiria wazazi kliniki, ina mahali pawili. Kazi yenyewe iandike kwenye zile nafasi 15. Mazingira yake, yaani kwa nini ulifanya saa nyingi hivyo, yaeleze kwenye swali la mambo yaliyoathiri safari yako, ambalo AMCAS iliweka kuchukua nafasi ya swali la zamani la waliotoka mazingira magumu. Usiombe kuonewa huruma. Taja ukweli, taja ulivyogawa muda, nyamaza.

Omba pia barua kutoka kwa nesi msimamizi wako, juu ya zile za maprofesa. Profesa aliyekufundisha katika ukumbi wa watu mia tatu ataandika kwamba ulipata A. Nesi ataandika kwamba usiku wa theluji ulikuja wakati wengine walipiga simu kusema hawaji, na kwamba familia za wakazi hukuulizia kwa jina. Mwombe miezi miwili kabla, mpe maelezo mafupi ya unachoomba, na kama hajawahi kuandika barua ya aina hiyo mweleze kwa upole kinachotakiwa. Wengi hawajawahi kuombwa.

Fomu hufunguliwa mwanzoni mwa Mei, na kutuma huanza mwishoni mwa Mei au mwanzoni mwa Juni, kwa masomo yatakayoanza kiangazi cha mwaka unaofuata. Wastani wa umri wa wanaoanza ni miaka 24, maana yake wengi hawakwenda moja kwa moja kutoka shahada ya kwanza. Mwaka mmoja wa kazi ya wiki nzima katikati haumchelewishi mtu, na wazazi wasiuone kuwa ni kufeli. Usaili nao huanza mwishoni mwa kiangazi na kuendelea mpaka majira ya kuchipua, kwa hiyo usiache shifti zako baada ya kubonyeza kitufe cha kutuma. Mwezi wa kumi na moja mtu wa kamati atakuuliza sasa hivi unafanya nini, na ni vizuri jibu liwe la wiki iliyopita.